Ununue baiskeli ya umeme au ufunge mota kwenye uliyonayo? Piga hesabu kwanza



Miezi hii swali ninaloulizwa sana na vijana wa mboga na maziwa si la mbolea wala viuatilifu. Ni hili: "Bwana shamba, ninunue baiskeli mpya ya umeme, au nichukue hii niliyonayo nifunge mota?" Nimelisikia shambani, nimelisikia kwenye vikao vya vikundi vinavyosubiri mkopo wa halmashauri, na kuna waliolipiga simu usiku kabisa.

Ni swali zuri, maana usafiri ndio unaomla mkulima mdogo kimyakimya. Unalima bamia vizuri, unavuna vizuri, halafu faida inabaki kwa bodaboda. Lakini ukiingia kichwa kichwa, pesa ya mbegu na mbolea ya msimu mzima inaweza kuishia kwenye betri iliyokufa kabla hujamaliza hata kurejesha mkopo.

Jibu langu kwa kifupi: kwa nchi tambarare na kazi ya mzigo, baiskeli yako ya chuma ikifungwa mota mara nyingi inaishinda mpya ya dukani, ili mradi betri, rimu na breki zimekaa sawa. Kwa milima, au kama huna fundi wa kuaminika karibu, nunua iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi ya mzigo. Na wapo ambao hawatakiwi kununua chochote. Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Anza na daftari, siyo duka

Kabla hujaangalia picha za baiskeli kwenye simu, chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila safari: kilomita ngapi, kilo ngapi, umelipa shilingi ngapi, na njia ikoje (lami, changarawe, mchanga, matope, mlima).

Nikupe mfano wa watu wawili ninaowahudumia hapa bonde la Kilombero. Wa kwanza ni dada anayelima bamia na matembele. Anapeleka sokoni Ifakara kilo 60 hivi, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, mara 5 kwa wiki. Bodaboda ilikuwa inamchukulia shilingi 6,000 kwa safari, yaani 30,000 kwa wiki. Huyu ana sababu ya kuwaza umeme.

Wa pili ni kijana wa tikiti maji. Mzigo wake ni tani kadhaa ndani ya wiki tatu za mavuno, baada ya hapo hana cha kubeba mpaka msimu mwingine. Huyu nilimwambia wazi: kaka, kodi toyo, au changieni gari na wenzako. Chombo cha umeme kinalipa kwa safari nyingi zinazojirudia. Betri inayokaa ndani miezi minne bila kazi haikuingizii kitu, na inazeeka hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni "nabeba mara ngapi?" Chini ya safari 3 kwa wiki, tuliza mkono. Endelea na bodaboda au guta la kukodi.

2. Betri ndiyo chombo chenyewe

Watu wengi wanauliza ukubwa wa mota. Mimi nauliza betri, maana hapo ndipo pesa nyingi inapoenda, na hapo ndipo utakapojua kama utafika nyumbani au utasukuma.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720. Ni mara mbili, japokuwa kwa macho zinaweza kufanana. Usiitumie hadi tone la mwisho: panga kutumia asilimia 80 tu, ili idumu.

Sasa matumizi. Kwa baiskeli yenye mtu wa kilo 60 na mzigo wa kilo 60, kwenye barabara ya vumbi tambarare, mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, mimi napangia wati-saa 20 kwa kilomita wakati wa kwenda na mzigo, na 12 wakati wa kurudi mtupu. Mchanga na upepo wa mbele vinaongeza. Kupiga pedeli kunapunguza, tena sana.

Kwa yule dada: kilomita 14 mara 20 ni 280, kilomita 14 mara 12 ni 168. Jumla wati-saa 448. Betri ya 720 inampa 576 za kutumia, anakwenda na kurudi na akiba inabaki. Ile ya 360 inampa 288 tu: atafika sokoni, halafu kurudi ni kwa miguu yake, akiwa na baiskeli nzito kuliko zamani. Ndiyo maana bei ndogo ya dukani siyo habari njema mpaka ujue wati-saa.

Aina ya betri nayo inabadilisha kila kitu. Kuna tatu utakazokutana nazo:

- Betri za risasi (ukoo mmoja na betri ya gari). Bei chee, lakini ni nzito: nne za volti 12 na ampea-saa 12 zinafika karibu kilo 16. Ukizimaliza sana kila siku, baada ya mizunguko 200 hadi 400 ya kuchaji zimechoka. Tena inafaa utumie nusu tu ya uwezo wake.
- Lithiamu za kawaida, zile zinazofanana na za simu na kompyuta. Nyepesi, zinadumu mizunguko 500 hadi 1,000 zikitunzwa.
- Lithiamu za fosfeti ya chuma, mafundi wanaziita LFP. Nzito kidogo na bei iko juu, lakini zinaweza kuvuka mizunguko 2,000, na zinavumilia joto vizuri zaidi. Hatari ya kushika moto pia ni ndogo kuliko lithiamu za kawaida.

Piga hesabu ya bei kwa kilomita. Tuseme lithiamu ya kawaida ni shilingi 600,000, inakupa kilomita 36 kwa chaji moja, na inadumu mizunguko 500. Hizo ni kilomita 18,000, kila kilomita inakula betri ya shilingi 33. LFP ya shilingi 900,000 kwa mizunguko 2,000 inakupa kilomita 72,000, yaani shilingi 12 na senti 50 kwa kilomita. Bei hizi ni za mfano, weka za dukani kwako. Lakini utaona mwenyewe kwamba betri rahisi inaweza kuwa ghali karibu mara tatu.

3. Je, baiskeli yako inafaa kufungwa mota?

Zile baiskeli za chuma za inchi 28 tunazozijua, za aina ya Phoenix, zina fremu ngumu na keria inayobeba gunia bila kulalamika. Baiskeli nyingi mpya za umeme zimetengenezwa kwa mtu wa mjini na begi lake. Hapo ya kwako inaanza ikiwa mbele. Lakini kagua mambo haya matano kabla hujatoa hata shilingi:

Rimu. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Kuna "inchi 28" mbili tofauti. Soma maandishi madogo kwenye tairi lako. Ukikuta namba inayoishia na 635, hiyo ndiyo ya baiskeli zetu za zamani. Seti nyingi za mota zinazouzwa kama inchi 28 zinakuja na rimu ya 622. Tairi lako halikai juu yake, na tairi la 622 la kubebea mzigo halipatikani kila duka la kijijini. Muulize muuzaji namba hiyo kabla ya kulipa. Kama ana mota tupu isiyo na rimu, fundi anaweza kuisuka kwenye rimu ya 635, ila hakikisha idadi ya matundu ya spoku inalingana. Baiskeli zetu nyingi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati mota nyingi zina matundu 36.

Breki. Breki za fito zinakamata upande wa ndani wa rimu. Ukibadilisha rimu ikawa ya umbo jingine, breki hiyo haina pa kushika. Na hata ikishika, ilitengenezwa kwa mwendo wa miguu. Kilo 150 kwa kilomita 25 kwa saa zinahitaji breki ya maana. Bajeti ya mota bila bajeti ya breki ni bajeti ya hospitali. Na kwenye mvua, rimu ya chuma iliyolowa inateleza, tegemea umbali mrefu zaidi wa kusimama.

Uma na ekseli. Mota inapozungusha gurudumu, ekseli yake inajaribu kuzunguka upande wa pili. Nati zikilegea, inatafuna nafasi iliyokaa, gurudumu linatoka na waya zinakatika. Lazima ufungwe mkono wa chuma unaoizuia ekseli isizunguke, ukibanwa kwenye uma au fremu. Fundi akikwambia "hiyo siyo lazima", tafuta mwingine. Mota pia ikae kwenye uma wa chuma usio na ufa wala kutu iliyokula.

Spoku. Zigonge moja moja na usikilize. Zilizolegea zikazwe, zilizokatika zibadilishwe, kabla ya mota.

Keria. Angalia maungio yaliyochomelewa. Mwendo ukiongezeka, kila shimo barabarani linapiga kwa nguvu zaidi.

Ukikuta vitatu kati ya hivi vimechoka, unafunga mota kwenye chuma chakavu. Hapo hesabu inabadilika.

4. Mota ikae wapi?

Kwa tambarare na mzigo wa nyuma, mimi napendekeza mota ya gurudumu la mbele. Gurudumu lako la nyuma lenye spoku 40 linabaki kama lilivyo, likibeba mzigo wake. Ufungaji ni rahisi, na mota ikiharibika unarudisha gurudumu la zamani unaendelea na kazi.

Udhaifu wake: uzito wote uko nyuma, kwa hiyo kwenye mchanga, matope au mwinuko mkali gurudumu la mbele linazunguka bure. Mota ya nyuma inashika vizuri zaidi, lakini spoku zake zinabeba mzigo na nguvu ya mota kwa pamoja, usiweke rimu nyepesi hapo. Ile ya katikati, inayosukuma cheni, ni nzuri mlimani ikiwa baiskeli ina gia. Baiskeli yetu ya gia moja haipati faida hiyo, na cheni italiwa upesi.

5. Lini ununue mpya

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru. Kule vijana wa karoti, njegere na kabichi nisingewashauri wafunge mota kwenye baiskeli ya zamani. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kupanda. Jumla ya kilo 150 (mtu, mzigo, baiskeli na betri) kwenye mwinuko unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, inahitaji karibu wati 400 kwenye gurudumu. Mota ya wati 250 itapunguza mwendo, itapata moto, na ukiilazimisha kila siku itaungua. Na kila mita 100 unazopanda kwenda juu zinakula wati-saa 50 hivi, mbali na zile za barabara.

Ya pili, na kubwa zaidi, ni kushuka. Nguvu yote uliyopanda nayo, breki ndizo zinaibeba wakati wa kurudi. Kwa milima unahitaji breki za diski mbele na nyuma, fremu na magurudumu yaliyopimwa kwa uzito huo, na mota yenye gia. Hivyo vinapatikana kwenye chombo kilichotengenezwa pamoja kiwandani.

Nunua mpya pia kama hakuna fundi wa umeme na baiskeli anayeelewa kazi ndani ya mwendo unaofikika. Seti ya mota bila fundi ni mzigo.

Ukienda dukani, uliza haya na uandikiwe kwenye risiti:

- Uzito wa juu ni kilo ngapi, na je, mpanda baiskeli amehesabiwa humo? Kama ni kilo 120 pamoja na wewe, ukiwa na kilo 60 na baiskeli 25, mzigo wako ni kilo 35 tu ikiwa baiskeli yenyewe imehesabiwa pia.
- Betri ina wati-saa ngapi, ya aina gani, na mbadala wake unauzwa wapi na kwa bei gani leo?
- Kontrola, chaja na tairi vipo dukani, au vinaagizwa?
- Garanti ni ya muda gani, na inahusu betri? Ukibeba mzigo wa biashara, garanti inabaki?

Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye swali la betri mbadala, shukuru, aga, ondoka.

6. Tuweke pesa mezani

Turudi kwa yule dada. Safari zake zinatumia wati-saa 448 kwa siku. Ukiongeza hasara ya kuchaji, ni kama nusu uniti. Tukichukua uniti moja kwa shilingi 360, siku moja ni shilingi 190, wiki ni chini ya 1,000. Aweke pembeni 7,000 kwa wiki kwa ajili ya betri ijayo, tairi na fundi. Kutoka kwenye 30,000 za bodaboda, anaokoa 22,000 kwa wiki.

Tuseme kufunga mota, betri, breki, rimu na ufundi ni shilingi 1,300,000. Inarudi kwa wiki 59. Baiskeli mpya ya mzigo ya shilingi 2,800,000 inarudi kwa wiki 127. Na yeye hauzi wiki zote 52. Akiuza wiki 40 kwa mwaka, kufunga mota kunarudisha pesa ndani ya mwaka mmoja na nusu, mpya inavuka miaka mitatu. Kwa njia yake ya tambarare, alichagua kufunga mota.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa walio kwenye vikundi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba, lakini marejesho hayasubiri. Chombo kinachorudisha pesa kwa miaka mitatu msikilipie kwa mkopo wa mwaka mmoja. Na msinunue baiskeli tano kwa mpigo. Anzeni na moja, iendesheni miezi mitatu mkiandika kila kitu, ndipo muongeze.

7. Na wenye pikipiki?

Hapa maoni yangu ni tofauti. Pikipiki inahitaji betri kubwa mara kadhaa kuliko ya baiskeli, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama inabaki pale pale hata kama fremu unayo. Kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ilianzia kwenye kubadili magari kuwa ya umeme, baadaye ikatengeneza pikipiki zake yenyewe. Kigali, Ampersand wanaendesha mfumo wa kubadilishana betri: dereva anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa. Ni mfumo mzuri, lakini unategemea vituo vilivyo karibu karibu. Shamba likiwa kilomita 60 kutoka mjini, mfumo huo haukusaidii.

Kumbuka pia kadi ya pikipiki ina namba ya injini. Ukiitoa injini, kadi na chombo havilingani tena, na bima inaweza kukukataa siku ya ajali. Anzia TRA na kwa wakala wako wa bima kabla ya kumwita fundi.

8. Ukishaipata, itunze

- Chaji kivulini, baada ya betri kupoa, ukiwa macho. Usichajie kwenye chumba cha kulala wala kando ya nyasi kavu.
- Tumia chaja ya betri hiyo hiyo. Volti zikipishana unaweza kuiunguza.
- Usikubali betri ya lithiamu isiyo na saketi ya ulinzi ndani. Ndiyo inayozuia kujaa kupita kiasi na kuisha kupita kiasi.
- Masika, usivuke maji yanayofika kwenye mota. Matope yafute kwa kitambaa, usipige maji ya presha kwenye waya na kontrola.
- Ukipumzika msimu mzima, iache betri ikiwa nusu, siyo imejaa wala tupu, na iangalie kila mwezi.
- Kaza nati za ekseli kila Jumatatu kabla ya kutoka. Dakika mbili tu.

Basi ndugu zangu, kama uko tambarare, una safari za kila siku, fremu nzima na fundi wa kweli, funga mota na pesa nyingi weka kwenye betri na breki. Uko mlimani au uko mbali na fundi, jichange ununue ya mzigo iliyokamilika. Safari zako ni za msimu, kodi. Na vyovyote utakavyochagua, daftari lije kwanza. Ukikwama kwenye hesabu, njoo nalo ofisini kwa afisa ugani wa kata yako mkae mpige pamoja.

Kwa leo naishia hapa. Kazi njema shambani.